Kilomita 60, alama 20 na Phoenix ya marehemu babu

Wiki hii naomba tuyaweke kando kidogo mambo ya mapenzi, pamba na nani kaonekana na nani ufukweni. Leo nataka tuzungumzie miguu. Ndiyo, miguu yako hiyo hiyo unayoikunja ndani ya daladala saa mbili nzima huku ukilalamika foleni.

Hebu nikuulize swali. Unaamini kwamba kuna vyuo ambako mtu hapewi shahada mpaka aonyeshe kuwa na mwili wake unafanya kazi, si kichwa peke yake? Kule Marekani kuna chuo kinaitwa MIT, kiko mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Hapo ndipo wanakosoma vichwa haswa, watu wa kutengeneza roboti na kupiga hesabu za kurusha vyombo angani. Sasa sikia kituko: mwanafunzi wa shahada ya kwanza, hata awe mkali vipi wa hesabu, hamalizi chuo mpaka atimize masharti ya elimu ya viungo, na mojawapo ni kuogelea. Anakusanya pointi kwa jasho lake. Tena wana utani wao: aliyemaliza kozi za upinde na mshale, vitara, kulenga shabaha na kuendesha mashua ya tanga anapewa cheti cha uharamia! Kisa cha kweli hicho, sikutanii.

Usije ukadhani ni mambo ya Wazungu waliokosa kazi. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana walipotembea kwa miguu mikoa na mikoa kuliunga mkono, na Mwalimu Nyerere mwenyewe, Rais wa nchi, akachapa lapa kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Hakuna aliyemuuliza kama gari limeharibika. Na mpaka leo, vijana wa sekondari wanaujua mziki wa UMISSETA, na walimu watarajiwa vyuoni wanajua kuwa michezo nayo ni somo, lina vitabu vyake na lina vitendo vyake.

Hapo kwenye vitendo ndipo kasheshe letu lilipoanzia.

Mimi, kama mnavyonijua wasomaji wangu wa siku nyingi, elimu yangu ni kidato cha nne na nakula kwa kalamu hii. Lakini nina mdogo wangu wa kike, huyu anayenifuata, ambaye wakati huo alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu hapa hapa Dar. Jina la chuo nalihifadhi. Bibie kitabuni ni moto wa kuotea mbali. Tatizo lake ni kifua, ana pumu tangu utotoni. Ikaja siku ya mbio katika somo la michezo, uwanja umekauka, vumbi linatimka kama ng'ombe wanaswagwa. Akakimbia, akakimbia, mzunguko wa pili pumzi ikakata, wakamtoa pembeni na kumpa dawa yake ya kuvuta. Alama za mbio zikaota mbawa.

Kwa hesabu za chuo, ili asirudie mwaka alihitaji alama 15 kati ya 20 katika zoezi la vitendo lililobaki. Na zoezi lenyewe, mshikaji wangu, lilikuwa msafara wa baiskeli kutoka Mwenge mpaka Bagamoyo. Kama kilomita 60 hivi.

Sasa kabla hujacheka, jua kilichokuwa mezani. Mama yetu anauza vitumbua Manzese. Kila kitumbua kina hesabu yake: hiki cha kodi, hiki cha luku, hiki cha ada. Kurudia mwaka maana yake ni ada upya, na ada upya haikuwepo. Kuna na jingine ambalo sikupata kulisema nyumbani. Mimi nilipomaliza kidato cha nne matokeo yangu hayakuwa mabaya, kuna mahali yangenifikisha. Lakini baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki na nyumbani kulikuwa na ada ya mtu mmoja tu. Mama hakuweza kuchagua. Nikamwambia mama, apelekwe mdogo wangu, mimi nitajipanga. Kwa hiyo zile alama 15 hazikuwa zake peke yake. Zilikuwa na sehemu yangu humo ndani, ingawa yeye hakujua.

Na tatizo la pili, bwana wee: bibie alikuwa hajui kuendesha baiskeli!

Huko utotoni mimi nilijifunzia kwenye Phoenix ya marehemu babu, ile ya Kichina, nyeusi, nzito kama kinu, ina karia ya kubebea gunia. Nilipitisha mguu chini ya chuma cha katikati maana kitini sikufika. Yeye alikuwa ananitazama tu kibarazani. Si kwamba hakutaka. Shangazi yetu alishatoa amri: mtoto wa kike hapandi baiskeli, ataharibika. Ataharibika nini, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Na safari hii shangazi alipopata habari akaja mwenyewe, na kanga yake begani, akakaa sebuleni hata chai hakunywa. Akamwambia mama, "Wifi, unamwachia mtoto wa kike akapanue miguu barabarani mpaka Bagamoyo, watu watasemaje?" Mama alikuwa anakoroga unga wa vitumbua. Hakugeuka. Akasema, "Wifi, akirudia mwaka, ada utalipa wewe?" Shangazi akamkumbuka ghafla mgonjwa wa kwenda kumtazama Magomeni.

Kumbe maneno ya shangazi yana umri mrefu na yamezunguka dunia nzima. Huko Ulaya na Marekani, karne ya 19, mabibi walipoanza kupanda baiskeli waliandikwa vibaya magazetini, na madaktari wengine wakawatisha kuwa watapata maradhi. Mmarekani Susan B. Anthony, mpigania haki za wanawake, mwaka 1896 alisema anaamini baiskeli imefanya kazi kubwa ya kumkomboa mwanamke kuliko kitu kingine chochote duniani. Mwanamke aliyekuwa anasubiri kupelekwa, sasa anakwenda mwenyewe. Jambo dogo hilo, ila waliozoea kumpeleka lazima wachukie.

Tulikuwa na wiki sita. Kwanza tukaenda kwa daktari, maana pumu si kitu cha kuchezea. Akampima, akasema mwendo wa taratibu usiokata pumzi ana ruksa nao, dawa isitoke mfukoni, na akisikia kifua kinabana asimame mara moja. Ndipo tukaipeleka Phoenix kwa fundi wa pale mtaani. Mzee yule akaitazama baiskeli, akamtazama mdogo wangu, kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akang'oa pedeli zote mbili, akashusha kiti mpaka mwisho, akasema, "Binti, sukuma kwa miguu kama unatembea. Ukishaweza kuelea, njoo nikurudishie pedeli zako."

Mimi nikadhani mzee anatuzuga. Baadaye nikasoma kuwa baiskeli ya kwanza kabisa ndivyo ilivyokuwa! Mjerumani Karl Drais, mwaka 1817, alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedeli, mtu anasukuma ardhi kwa nyayo zake. Pedeli zilikuja miaka mingi baadaye, na tairi za kujaza upepo tunazozijua leo zikaletwa na Dunlop mwaka 1888. Kwa hiyo fundi wetu wa Manzese alimpitisha mdogo wangu katika historia nzima, kuanzia sifuri. Siku tatu tu, kwenye uwanja wa shule saa 12 asubuhi kabla watoto hawajaja kushangaa, bibie alikuwa anaelea. Siku ya tano akarudishiwa pedeli. Siku ya sita akagonga goli, nguzo ikatikisika, akacheka, akapanda tena.

Tukaanza kuongeza mwendo. Jumapili ya kwanza kilomita 10, ya pili 20, ya tatu 35. Fundi akampandishia kiti mpaka mguu ukawa unakaribia kunyooka pedeli inapofika chini, maana ukikaa chini sana magoti ndiyo yanalipa deni. Na kila jioni nilimtoa upepo tairi la nyuma, anatoa tyubu, anaziba pancha, anarudisha. Mara ya kwanza alitumia saa nzima na machozi juu. Mara ya kumi, dakika 15.

Siku moja kabla ya safari mkufunzi wao, mama mmoja wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya filimbi, wanamwita Madam, aliwakusanya akawasomea sheria. Nami nilikuwepo kwa sababu aliomba wenye baiskeli zao wajitolee kufunga mkia wa msafara, na nikajitolea kabla hajamaliza kuomba. Alama 20 alizigawa hivi. Kumi ni za kufika. Tano ni za kutunza chombo, yaani baiskeli ikikuharibikia unaitengeneza mwenyewe, na ambayo haikuharibika atakaguliwa mwenyewe kule mwisho kwa kutoa na kurudisha tairi. Tano za mwisho ni za msafara. Hizo, akasema, hapati mtu hata mmoja mpaka wa mwisho wenu awe amefika, na atakayelipita gari la mbele amezikosa zake hapo hapo.

Minong'ono ikaanza. Kulikuwa na brazameni mmoja, baiskeli yake ya gea nyingi, miwani myeusi, kaptura ya kubana ya wale wa kwenye televisheni. Akanyoosha mkono. "Madam, kwa hiyo mimi mwenye uwezo nimsubiri asiye na uwezo?" Madam akamjibu taratibu, "Mwanangu, wewe unasomea ualimu. Darasani utawaacha wasio na uwezo uende na nani?" Kimya.

Na wale ambao afya haikuwaruhusu kabisa kupanda, Madam hakuwatupa. Kijana mmoja mwenye ulemavu wa mguu alikabidhiwa saa, daftari na ramani ndani ya gari: kupanga vituo vya mapumziko, kugawa maji, kuhesabu watu kila kituo. Alisahihishwa kwa kazi hiyo, na nakwambia alitupeleka puta kuliko mwanajeshi.

Basi bwana, siku ikafika. Saa 11 na nusu alfajiri, Mwenge, vichwa 27, pikapu moja mbele taa zinawaka, pikipiki moja nyuma, na mimi na pampu yangu. Trafiki walikuwa wameshapewa taarifa. Mdogo wangu alivaa suruali ya michezo na juu yake kajifunga kanga, heshima kwa macho ya mtaani. Kwenye karia kafunga mfuko wa vitumbua ambavyo mama aliamka saa nane usiku kuvikaanga. Hakusema neno mama, alimfunga tu ule mfuko kwa mpira wa tyubu, akaukaza mara mbili.

Lugalo tukapita bado giza. Africana pakaanza kupambazuka. Tegeta ndipo kimbembe cha kwanza, kwa sababu ya malori ya saruji ya kiwanda cha Wazo. Lori lenye tela likikupita karibu, upepo wake kwanza unakusukuma, kisha unakuvuta kama mtu anakudai. Madam akapiga filimbi, wote mstari mmoja, umbali wa baiskeli moja na nyingine. Hapo nikajifunza siri moja ya msafara: anayekaa mgongoni mwa mwenzake anakatiwa upepo na anatumia nguvu kidogo zaidi, kwa hiyo watu wanapokezana mbele, dakika chache huyu, dakika chache yule. Mdogo wangu alipofika zamu yake ya kuongoza akaifungua ile kanga, akaiviringisha, akaisokomeza kwenye karia. Shangazi alikuwa mbali.

Boko, Bunju, kisha ukateremka mpaka daraja la Mto Mpiji ambako Dar inaisha na Mkoa wa Pwani unaanza. Mteremko ni raha, mwanangu, unasikia upepo masikioni na unajiona bingwa. Shida ni kwamba kila mteremko una mdogo wake upande wa pili. Kupanda kuelekea Mapinga, Phoenix ya babu, kilo 20 na ushee, haina hata gea moja, ilimtoa bibie jasho la meno. Akashuka, akaisukuma. Pembeni yake wakashuka wengine wanne, wakasukuma naye. Hawakuambiwa na mtu.

Tumeshapita Kerege, jua limepanda, nikasikia psssss. Nikajua. Tairi la nyuma la Phoenix limekaa chini.

Kanuni ilinifunga mikono, nisingeweza kugusa hata spana. Msafara mzima ukasimama chini ya miembe. Mdogo wangu akaigeuza baiskeli miguu juu, akatoa tairi, akatoa tyubu, akalijaza upepo, akalizungushia karibu na shavu lake kusikiliza. Akalipata tundu. Akasugua msasa, akapaka gundi, kisha akakaa nalo mkononi, ametulia.

Brazameni akapoteza subira. "Dada, bandika tuondoke, jua linatuua!"

"Bado," akasema bibie, bila kuinua macho.

"Bado nini?"

"Gundi haijakauka. Nikibandika sasa kitabanduka Zinga, tusimame tena."

Nakwambia msomaji, pale mtu wa watu 26 wanakuangalia, mkufunzi kashika kalamu, na mwaka wako mzima uko kwenye kipande cha mpira, kusema "bado" kunataka moyo. Dakika zikapita. Akabandika, akagandamiza kwa kidole gumba. Tukadhani kamaliza. Kumbe akachukua tairi lenyewe, akapitisha vidole ndani polepole mzunguko mzima, akasema "huyu hapa," akachomoa kipande cha waya chembamba kama sindano. Angerudisha tyubu bila kukitafuta, angetobolewa tena kabla ya kufika nusu kilomita. Madam akaandika kitu kwenye daftari lake. Hakutabasamu, lakini aliandika.

Mambo yalibadilika Kiromo. Aliyekuwa analalamika jua akaanza kuyumba. Mara yuko mbele, mara yuko katikati, mara tuko naye mkiani, mimi na yeye, macho yamemlegea, mikono inatetemeka. Nikamuuliza amekula nini tangu asubuhi. Akasema maji tu, hapendi kula akifanya mazoezi. Jamani! Mwili una akiba yake ya sukari kwenye misuli na kwenye ini, lakini ni ya masaa machache tu ya kazi ngumu. Ikiisha hiyo, miguu inakuwa ya kuazima, na gea 21 hazikusaidii kitu. Ndiyo maana waendesha baiskeli wa mbio ndefu wanakula wakiwa bado hawajasikia njaa.

Wenzake wawili wakasema aingie kwenye gari, yaishe. Lakini akiingia kwenye gari hajafika, na asipofika yeye, zile alama tano za msafara zinazikwa kwa wote 27. Watu wakaanza kutazamana. Wengine walizihitaji kufa na kupona, mmojawapo namjua mpaka tarehe ya kuzaliwa.

Mdogo wangu akafungua ule mpira wa tyubu kwenye karia. Akatoa vitumbua vitatu, akampa, pamoja na maji yenye glukosi. "Kula taratibu, kaka. Hatuna haraka." Tukakaa pale nusu saa nzima. Kijana akala, akalala chali kidogo, rangi ikamrudia. Alipoinuka miwani myeusi alikuwa ameivua na kuiweka mfukoni, na tangu pale mpaka Bagamoyo alikaa mgongoni mwa Phoenix ya babu, anakatiwa upepo na mtoto wa muuza vitumbua.

Saa sita na dakika kumi mchana tukaingia Bagamoyo. Yule mwenye daftari akahesabu: 27. Akahesabu tena ili awe na uhakika: 27. Hapo kelele zilizopigwa, hata wavuvi kule sokoni walisimama kutazama.

Bibie alipata 20 kati ya 20. Nilimwona anaisoma karatasi mara tatu. Kisha akaenda kukaa peke yake ufukweni, na mimi nikamwacha.

Nilipokuwa nakula samaki wangu wa kukaanga Madam akanijia. Akaniuliza, "Na wewe kaka, umepata nini leo? Maana alama zangu ni za wanafunzi tu." Nikamwambia nimepata stori ya gazeti. Akacheka, akasema, "Ungekuwa wangu ningekupa zote ishirini." Aliondoka bila kujua amegusa wapi. Nilikaa pale muda mrefu natazama bahari. Mimi mtihani wangu wa mwisho ulikuwa karatasi, kalamu na msimamizi anayepita na saa, na baada ya hapo hakuna mtu aliyenisahihisha tena. Nilisikia vizuri, sitaficha.

Na Bagamoyo si mji wa kujivunia kilomita 60. Pale ndipo wapagazi wa karne ya 19 walipokuwa wanatua mizigo baada ya kutembea kutoka Tabora na Ujiji, zaidi ya kilomita elfu moja kwa wa Ujiji, mtu na mzigo wake wa kilo 30 na zaidi kichwani au begani. Pale ndipo Chuma, Susi na wenzao walipoufikisha mwili wa Livingstone mwaka 1874, wameutoa huko ambako leo ni Zambia, miezi na miezi njiani. Nadhani wangetuona sisi na vitako vyetu vinauma wangetuonea huruma.

Sasa kuna watu watasema, alama za kukanyaga pedeli zina uhusiano gani na kufundisha? Nimelifikiria hilo. Darasani mtu anaweza kupiga chabo. Anaweza kumeza desa zima usiku mmoja, akalitapika asubuhi, na mchana akawa hana hata neno. Barabara haina desa. Huwezi kuazima mapafu ya jirani. Na zaidi ya hayo, yule mkufunzi hakupima nani ana misuli. Kama angepima mbio, brazameni angefika wa kwanza au angezimia vichakani, na mdogo wangu angefeli, na hakuna kati yao ambaye angekuwa mwalimu bora kwa sababu hiyo. Alipima nani anaweza kusema "bado" wakati wote wanataka haraka, na nani anaweza kusema "hatuna haraka" wakati yeye ndiye mwenye haraka kuliko wote. Hayo mawili mwalimu wa darasa la kwanza anayahitaji kila siku ya Mungu.

Ubaya upo, nao lazima usemwe. Barabara zetu nyingi hazina njia ya baiskeli, na dereva wa lori hajui kama wewe una mtihani. Bila gari la mbele, chombo cha nyuma na taarifa kwa trafiki, chuo kisithubutu kuwatoa watoto wa watu. Na baiskeli si wote wanazo. Pale nusu walikodi, na chuo kiliwachangia waliokwama. Bila hivyo ingekuwa mtihani wa wenye nazo.

Kwa wewe kijana wa mjini uliyesoma mpaka hapa na umeanza kuwashwa nyayo, huhitaji chuo. Tafuta watu watano. Anzeni na kilomita 10 Jumapili alfajiri, magari yakiwa machache, na ongezeni kidogo kidogo. Vaeni nguo za kung'aa, na kofia ngumu kama zinapatikana. Beba tyubu, viraka, gundi, pampu na chakula. Kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu. Mwenye ugonjwa apite kwa daktari kwanza. Na mkubaliane tangu mwanzo kwamba mnafika wote. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo si nyingi, ni foleni ya siku moja ya Mbagala.

Na usiseme mchezo huu ni wa Wazungu. Biniam Girmay wa Eritrea mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mashindano yale yaliyoanza mwaka 1903. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani ukaja Afrika kwa mara ya kwanza, tena hapo jirani tu, Kigali, kwenye milima yao. Sisi tunangoja nini?

Mdogo wangu siku hizi ni mwalimu, shule moja ya msingi huko huko Pwani. Anakwenda kazini na Phoenix ya babu, na ameniambia kuna wasichana wanabaki baada ya masomo kujifunza, pedeli zimeng'olewa, kiti kiko chini. Kuhusu ile ada ya mtu mmoja bado sijamwambia, na sasa atakuwa ameisoma hapa. Mdogo wangu, usinipigie simu kulia. Niletee vitumbua.

Na shangazi? Alipokwenda kumtembelea mwezi uliopita, mvua ilikuwa imenyesha, bodaboda hakuna, na kituo cha basi kiko mbali. Alipelekwa kwenye karia. Nasikia alishikilia kiti kwa mikono miwili na hakuuliza watu watasemaje.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tunarudi kwenye mapenzi. Kuna dada wa Kigogo ameniandikia kuwa mchumba wake amembadilishia tarehe ya posa mara tatu, na mimi nina maneno machache ya kumwambia yule bwana. Wasalaam.